Bahasha Iliyopigwa Pasi

Siku niliyompeleka mume wangu nyumbani kumtambulisha, baba yangu alimtazama viatu, akamtazama mikono, kisha akasema na mimi, si na yeye: "Nilidhani utaolewa na suti. Kumbe umeolewa na anayeifua." Kaka yangu akacheka mpaka akakohoa. Mume wangu naye akacheka, maana kwao watu wakicheka pamoja ndiyo wamepatana. Kwetu sivyo. Kwetu ukiona watu wanacheka, jipapase kwanza, huenda unachekwa wewe.

Mume wangu ni dobi. Ana duka dogo kwenye kona, lenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili nzito, na waya unaoning'iniza mashati ya watu yakiwa na vipande vya kitambaa vyenye namba. Anainusa nguo, anaipapasa kwa kidole gumba, anakwambia doa ni la nini na lina umri gani. Kutu, wino, damu, grisi, hakuna ambacho hajapigana nacho. Mashati ya baba alikuwa akiyafua bure tangu tuoane, na yalirudi yamenyooka mpaka mtu anaona haya kuyakunja. Baba aliyavaa, akaenda nayo kwenye mikutano yake, akasifiwa.

"Shikamoo baba," mume wangu husema kila akiingia.

"Marahaba, Dobi."

Mlinzi wa getini aliitwa mwanangu. Muuza magazeti aliitwa mwanangu. Mume wa binti yake aliitwa Dobi, mbele ya wageni, mbele yangu, mbele ya watoto wetu. Na mume wangu, ambaye hakuwahi kudai kitu kwa mtu yeyote, alikuwa akitaka jambo moja tu kwa baba yangu: aitwe mkwe. Aliwahi kuniambia, akiwa amenipa mgongo ananyoosha kola, "Hata mara moja tu ingetosha." Niliumia, nikajifanya sikusikia.

Sasa nieleze habari za bahasha, kwa sababu bila hizo baba yangu haelezeki.

Baba alifanya kazi katika chumba cha barua cha uwanja wa ndege, enzi za uhai wa shirika letu la ndege. Lilianza na ndege mbili za pangaboi, zilizonunuliwa zikiwa tayari zimechoka. Kila njia mpya ilipofunguliwa palikuwa na bendi, utepe na hotuba, na posta ilichonga mhuri maalumu wa siku hiyo, wenye picha ya ndege na jina la mji unaokwenda. Barua zilizopanda safari hiyo ya kwanza ziligongwa mhuri huo mbele, na zilipofika ziligongwa mwingine nyuma, kuthibitisha kwamba kweli zimeruka. Baba ndiye aliyefunga magunia ya barua, na katika kila gunia la safari ya kwanza alitia bahasha aliyojiandikia mwenyewe. Ndani aliweka kadi tupu, ili isikunjike. Bahasha ilikwenda, ikagongwa, ikarudi kwake. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba yangu ana rafiki katika kila mji. Kumbe ni yeye na yeye.

Shirika likakua. Likanunua ndege ya jeti, wahudumu wakashonewa sare za buluu, njia zikaongezeka mpaka zikapita abiria. Wakubwa wakapanda bure na mizigo yao, shemeji wa wakubwa wakapewa vyeo, na shirika likafa kifo cha ng'ombe wa shirika, ambaye kila mtu anamkamua na hakuna anayemlisha. Ndege moja iliyobaki imelala kwenye nyasi kando ya njia ya kurukia, magurudumu yamekwisha upepo, ndani wanalala popo. Ofisi zimekuwa duka la vigae. Ukitaka kujua kwamba shirika lile liliwahi kuruka, lazima umwendee mzee mmoja mkorofi, umwombe akufungulie kabati.

Akiwa na furaha alinifungulia. "Usiguse kwa kiganja," alinikemea. "Vidole viwili." Halafu ananifundisha, na hapo alikuwa baba mwingine kabisa. Grisi hii ni ya mlango wa mizigo wa ile ndege ya kwanza. Mkunjo huu ni siku mpakiaji alipokalia gunia. Huku pembeni ni sahihi ya rubani mwenyewe, kaisaini akiwa amesimama kwenye ngazi ya ndege. Kwa wakusanyaji wa bahasha kama hizi, uchafu ndio ushahidi. Ukiuondoa, unabaki na bahasha ya dukani na stempu ya kawaida ambayo mtu yeyote anayo.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na jina: Yatima. Ilipanda safari ya kwanza ya kwenda mji wa milimani, na ndege ile haikufika. Ilianguka kwenye ukungu, ikashika moto. Rubani alikufa, naye alikuwa rafiki wa baba tangu ujana, mtu waliyekuwa wakigawana sigara moja. Wazima moto waliokota gunia la barua likiwa limeungua nusu na kulowa nusu. Posta iligonga kila bahasha iliyobaki mhuri wa zambarau, IMEOKOLEWA AJALINI, ikazituma kwa wenyewe. Yatima alirudi kwa baba kona moja imeliwa na moto, masizi yamepanda hadi kwenye anwani, stempu imekaa upande kwa sababu ya maji, na sahihi ya rafiki yake iko pale pale. Hata baada ya miaka yote hiyo, ukimfungulia mfuko wake alinuka moshi na mafuta ya ndege. Nilimwona baba akilia juu ya bahasha ile. Juu ya jeneza la mama sikumwona.

Kaka yangu alizaliwa mwaka ilipokuja ndege ya jeti, kwa hiyo baba alimbandika jina la Rubani. Rubani huyu hata baiskeli humwangusha. Anaishi kwa baba, anakula kwa baba, na kwenye chama cha wakusanyaji ni mwanachama kwa sababu baba anamlipia ada. Lakini mjinga si. Anajua kila bahasha kwa tarehe yake, maana tangu utoto tulifundishwa pamoja. Tofauti ni kwamba mimi nilizionea bahasha wivu, yeye alizichukia. Baba alizishika kwa vidole viwili. Sisi alitushika kwa kiganja.

Jicho la kushoto la baba lilishakufa zamani. Mwaka huu mtoto wa jicho akaingia la kulia, ikabidi apasuliwe. Nilikwenda kulala naye hospitali, kwenye kiti cha chuma, nikimlisha na kumwongoza chooni, naye akinilaumu kwamba uji wa moto na uji wa baridi vyote vinatoka mkononi mwangu. Jeraha liligoma kupona haraka, tukakaa zaidi ya tulivyotarajia.

Yaliyotokea nyumbani nimeyajua baadaye, kwa mume wangu mwenyewe. Yeye kabati lile hakuwahi kufunguliwa, na mimi habari za bahasha sikuwahi kumsimulia. Alikwenda kwa Rubani, akamwuliza: "Shemeji, mzee akirudi, nimfanyie nini afurahi?"

Rubani alikuwa amelala kwenye kochi. Akafikiri kidogo. Kisha akainuka, jambo ambalo lilitosha kumtisha mtu yeyote anayemjua, akaenda kwenye kabati, akarudi na funguo na albamu ya bahasha.

"Mzee anakufa kwa ajili ya hivi vitu," akasema. "Na unavyoviona, vimechakaa. Macho yanafunguliwa mapya, halafu yakutane na uchafu huu? Wewe si fundi wa madoa?"

"Karatasi ni kazi ngumu, shemeji. Haitaki maji mengi."

"Ndiyo maana sikumpa mtu mwingine."

Mume wangu alifunga duka. Wateja wakagonga, wakaondoka. Alizifanya moja moja, kwa pamba iliyochovywa kidogo tu, kwa dawa ya madoa aliyoizimua mpaka haikuuma hata jicho, kwa pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa chepesi. Grisi ikatoka. Mikunjo ikatoka. Sahihi za marubani zikatoka pia, maana aliona ni mtu kachorachora pembeni. Yatima alimchukua siku nzima. Alimfuta masizi, akausugua taratibu ule wino wa zambarau mpaka ukatoweka, akaibandua stempu iliyokaa upande akaibandika sawasawa, akaikata kona iliyoungua kwa mkasi na wembe mpaka ikanyooka. Akampaka wanga kidogo, akampiga pasi. Aliniambia hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na mimi ninayejua kazi zake naamini.

Tuliporudi, baba akiwa bado amefungwa bendeji, nilikwenda kwenye kabati kumwandalia albamu kabla hajaidai. Nikafungua. Nilikaa chini sakafuni. Zilikuwa nyeupe. Zilikuwa bahasha nzuri, safi, za mtu ambaye hajawahi kwenda popote.

"Leta," baba akaita kutoka chumbani. "Nataka nimshike Yatima tu. Sihitaji macho."

"Baba, ungepumzika kwanza."

"Leta, nimesema."

Nikampelekea. Niambie ningefanya nini, nimfiche mtu anayezijua kwa uzito? Alimtoa Yatima kwenye mfuko kwa vidole viwili, akampeleka puani kama alivyofanya siku zote. Akanusa tena. Kisha kidole chake kikaenda kwenye kona, kikatafuta palipoungua, kikakuta ukingo ulionyooka. Kikarudi, kikaenda tena. Chini ya bendeji uso wake ulikuwa umekufa.

"Sabuni," akasema.

Akageuza uso upande wangu.

"Dobi?"

"Baba, hakujua. Naapa, alitaka kukufurahisha. Hajui chochote kuhusu..."

"Mwite."

Mume wangu alikuja mbio, amevaa shati la kwendea wageni. Alisimama mlangoni mikono nyuma, anatabasamu kabla hajaambiwa neno. Baba akanyoosha mkono hewani mpaka mume wangu akaushika.

"Umefanya kazi kubwa," baba akasema. "Ahsante sana, mkwe wangu."

Mume wangu alipiga magoti. Sisemi kwa kupamba, alipiga magoti pale kando ya kitanda, mtu mzima na ndevu zake. Baba akaendelea, sauti laini ambayo mimi mtoto wake sijawahi kupewa: "Chama chetu kina maonyesho mwisho wa mwezi. Nitakuwa nimeshafunguliwa jicho. Nataka uje na mimi, mkwe. Uje na pasi yako, na dawa zako, na pamba. Wenzangu waone ufundi. Wengi wana bahasha chafu kuliko zangu."

Mlangoni Rubani alikuwa ameuma ngumi asicheke. Kilemba cha ukoka nakijua nikikiona, na siku ile nilikiona kikifungwa kichwani kwa mume wangu, taratibu, tena kwa mikono ya baba yangu mzazi.

Nilimfuata baba peke yangu. Nikamwambia, "Mpige. Mtukane. Mfukuze asikanyage hapa tena. Lakini usimpeleke mbele za watu."

"Nimtukane kwa lipi?" akasema. "Si nimemwita mkwe? Si ndicho mlichokuwa mnakililia?"

"Baba, utajiaibisha na wewe."

"Mimi nimebakiwa na nini cha kuaibisha?" Na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka. "Aliniachia jina lake kwenye karatasi, yule rafiki yangu. Hakuniachia kingine. Toka."

Nilimhurumia. Nataka lijulikane hilo. Nilimhurumia na nikamchukia kwa pumzi moja.

Kesho yake nilikwenda dukani, nikamweleza mume wangu yote. Moshi, sahihi, mhuri wa zambarau, rubani aliyekufa, maana ya uchafu. Alinisikiliza pasi ikiwa mkononi. Ikaanza kuunguza blanketi, akaiinua, akaiweka pembeni, akakaa juu ya furushi la nguo za watu. Akatazama vidole vyake.

"Kwa hiyo nimemharibia," akasema.

"Ndiyo. Na anataka kukulipiza ukumbini. Usiende."

"Alijua? Siku ile aliyoniita, alishajua?"

"Alishajua."

Nikadhani sasa ameelewa. Akainua uso, na macho yalikuwa yamelowa, lakini si kwa namna niliyotarajia. "Basi mzee ni mtu mkubwa kuliko nilivyodhani," akasema. "Nimemfanyia ubaya wote huo, na bado kaniita mkwe."

Nilisema, nililia, nilimwita mjinga. Akanijibu kwa upole kwamba mtu akikusamehe mbele yako, unamwomba radhi mbele za wenzake, ndiyo heshima. Akaanza kuipiga pasi suruali ya kuvaa siku hiyo.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi wa maktaba. Meza zimepangwa, bahasha zimo ndani ya fremu za kioo, wazee wa chama wanazunguka na miwani ya kukuzia. Kati yao yuko daktari wa meno, mwalimu mkuu mstaafu, na watu wengine wa kuvaa tai. Wote walimjua Yatima. Kila mwaka walipanga mstari kumwona. Mwaka huu wakakuta meza ya baba ina albamu nyeupe, pasi, chupa za dawa na pamba, na nyuma yake amesimama mume wangu katika shati linalong'aa.

"Wenzangu," baba akasema, jicho lake jipya likiwa jekundu bado, "nawaletea mkwe wangu. Fundi. Ameisafisha historia yote ya shirika letu wakati mimi nimelala. Mkwe, hebu waeleze. Anza na Yatima. Alikuwaje?"

"Alikuwa na masizi," mume wangu akasema.

"Na ukayafanyaje masizi?"

"Niliyafuta, baba."

"Na kona?"

"Niliinyoosha kwa mkasi."

Mtu mmoja akapiga kelele ndogo kama aliyebanwa na mlango. Mwingine akacheka. Kicheko kikashika, kikazunguka ukumbi, watu wazima wanashikana mabega. "Na wino wa posta?" daktari wa meno akauliza, machozi yanamtoka. "Ule ulitoka kwa dawa gani?" Mume wangu akamjibu dawa gani, na kipimo chake, kwa sababu ameulizwa. Wakazidi. Baba hakucheka. Alikuwa akimtazama tu, na sijawahi kuona mtu akila kitu kwa macho namna ile.

Mume wangu akangoja kelele zipungue. Akasema, "Baba, na ninyi wazee wangu, naomba radhi. Sikujua. Sasa nimeelezwa, nimejua nimekosa. Laiti ningejua, nisingegusa."

Ukumbi ukapoa kidogo. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa amecheka sana, akauliza: "Lakini kijana, kabati la mzee si hufungwa? Ulizipataje?"

"Shemeji ndiye aliyenipa funguo," akasema. Hakuwa anamshtaki mtu, alikuwa anajibu swali. "Ndiye aliyenionyesha. Aliniambia huu ni uchafu, mzee asikutane nao."

Vichwa vyote vikageuka kwa Rubani. Hapakuwa na mtu katika ukumbi ule asiyejua kwamba Rubani anamjua Yatima kama anavyojua jina lake. Hapo nikasema sasa haki imekuja kwa miguu yake yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, baba, na leo dobi amekitoa.

Baba alimgeukia mwanawe. "Wewe?"

Rubani alikuwa amepauka. "Nilikuwa namtania tu, baba. Nilidhani mtu mzima atajua. Nani angedhani atafanya kweli?"

Baba akamtazama. Nikaona uso wake ukienda huku, ukirudi huku, na nikajua anapima. Kisha akapumua, akaweka mkono begani kwa Rubani, akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, lakini kilikuwa kicheko. "Rubani bwana," akawaambia wenzake. "Utani wa huyu mtoto utaniua siku moja." Na wenzake, kwa kuwa hawakutaka aibu ya familia iwamwagikie kwenye viatu, wakacheka naye.

Halafu akamgeukia mume wangu, na uso ukajifunga.

"Na wewe, Dobi," akasema, "kusanya pasi yako. Unawazibia watu njia."

Mume wangu akakusanya. Akazungusha waya kwenye pasi, polepole, akafunga vifuniko vya chupa kimoja kimoja, akakunja pamba. Hakuna aliyemsaidia ila mimi. Tulipotoka nilisema maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika, kuhusu baba, kuhusu Rubani, kuhusu wazee wale na tai zao. Yeye akawa anatembea tu. Tulipita posta, tukapita duka la vigae, tukaenda mpaka karibu na kona yetu.

Hapo akasimama, pasi imemning'inia mkononi.

"Kwa hiyo hata lile neno," akasema, "nalo lilikuwa utani?"

"Neno lipi?" nilimwuliza, ingawa nilijua.

"Mkwe."

Sijawahi kumdanganya mume wangu, na siku ile nilitamani mno nijue kudanganya.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, akaihamishia pasi mkono wa pili, akaenda kufungua duka.